Protini ya nguruwe aliyeachishwa kunyonya: asilimia ya kwenye mfuko haitoshi

Hotuba kwa wafugaji wa nguruwe, Moshi

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa vikundi mliotoka Hai, Rombo, Vunjo na hapa mjini, maafisa ugani, wenye maduka ya pembejeo na ndugu wafugaji wote: wakubwa zangu shikamooni, na wengine habari za asubuhi.

Nimeombwa kuzungumzia chakula cha nguruwe, na mada hiyo ni pana kuliko muda tuliopewa. Kwa ruhusa yenu nitabaki kwenye wiki chache tu za maisha ya mnyama huyu, zile zinazofuata mara baada ya kutengwa na mama yake, na katika wiki hizo nitazungumzia zaidi kirutubisho kimoja, yaani protini. Nguruwe akishafika kilo 30 husamehe makosa mengi ya mchanganyiaji wa chakula, lakini aliyetengwa jana hasamehi. Wengi wenu mmeona watoto waliokuwa wanang'aa chini ya mama yao wakianza kuhara siku ya nne au ya tano baada ya kutengwa, manyoya yakasimama, mgongo ukajikunja, na hata waliopona wakabaki wamedumaa miezi miwili mbele. Kwa kawaida lawama huenda kwa baridi, kwa maji au kwa minyoo. Baridi na maji machafu yanachangia kweli, lakini mara nyingi chanzo kiko kwenye hori la chakula.

Kila mwenye duka la pembejeo aliye hapa analijua swali ambalo mfugaji huuliza kabla hata ya kuuliza bei: "Hiki kina protini asilimia ngapi?" Ni swali la haki kwa mtu anayelisha nguruwe wa miezi minne. Kwa mtoto aliyeachishwa ni swali pungufu, kwa sababu chakula cha asilimia 19 kinaweza kumkuza na kingine cha asilimia hiyo hiyo kikamharisha. Kinachotofautisha ni mahali protini ilipotoka, jinsi ilivyoandaliwa, na kiasi cha laisini kilichomo, yaani mojawapo ya asidi amino, vile vijenzi vinavyounda protini.

Tuanze na tumbo lenyewe. Maziwa ya nguruwe, ukiyaondoa maji, yana protini karibu asilimia 30, mafuta mengi kuliko hiyo, na sukari ya maziwa, yaani laktosi. Protini hiyo huganda tumboni na kumeng'enywa polepole, na laktosi hugeuzwa na bakteria wema kuwa asidi ya laktiki, ambayo hulifanya tumbo liwe chachu. Uchachu huo ndio mlinzi wa kwanza dhidi ya vijidudu vya kuharisha, na pia ndio unaoanzisha kazi ya kumeng'enya protini. Mtoto anapotengwa, maziwa hukatika siku moja, na tumbo lake bado halijaweza kutengeneza asidi yake lenyewe kwa kiwango cha nguruwe mkubwa. Vimeng'enya vya kuvunja wanga na protini za mimea navyo bado ni vichache. Zaidi ya hapo, mara nyingi hali chochote kwa siku nzima ya kwanza au mbili, na katika kufunga huko ule ukuta wa utumbo mwembamba, ambao kwa ndani umejaa vinyuzi vidogo vya kufyonza chakula mithili ya zulia lenye manyoya marefu, husinyaa na manyoya yake kuwa mafupi. Kisha njaa inambana, anavamia hori na kujaza tumbo ambalo haliko tayari.

Protini isiyomeng'enywa haipotei bure. Hushuka hadi utumbo mpana, na huko bakteria huioza na kutoa amonia na kemikali nyingine zinazokera utumbo, huku aina mbaya za bakteria wa koli, yaani E. coli wanaoharisha, zikishamiri. Ndiyo maana mfugaji anayeongeza mashudu, yaani mabaki ya mbegu zilizokamuliwa mafuta, ili watoto wakue haraka huishia kuongeza mharo. Ulaya wamelazimika kulitafakari jambo hili kwa uzito. Kwa miaka mingi walizuia kuhara kwa kuweka zinki oksidi nyingi kwenye chakula cha watoto waliotengwa, hadi Umoja wa Ulaya ulipositisha matumizi hayo ya kitabibu Juni 2022. Njia mojawapo waliyoikimbilia ilikuwa kushusha protini ya jumla hadi karibu asilimia 17 au 18 na kuziba pengo kwa asidi amino za dukani. Sisi huku bado tunashindana nani ana mfuko wenye namba kubwa.

Sasa nizitaje protini zenyewe, na nitakaa zaidi kwenye zile mnazozitumia.

Soya ndiyo bora kati ya protini za mimea tulizonazo, kwa sababu ina laisini nyingi kuliko mashudu mengine. Punje nzima ina protini karibu asilimia 37 na mafuta karibu asilimia 18 hadi 20. Mashudu yake yaliyokamuliwa vizuri hufika asilimia 44 hadi 48. Lakini soya mbichi ni adui wa mtoto wa nguruwe. Ina vizuizi vinavyofunga kimeng'enya kiitwacho tripsini, kile kile ambacho mtoto anacho kidogo, kwa hiyo unampa protini na papo hapo unamnyang'anya chombo cha kuimeng'enya. Joto huviharibu vizuizi hivyo. Anayetumia soya nzima nyumbani ailoweke, aichemshe kwa nusu saa tangu maji yaanze kutokota, amwage maji, aianike mpaka ikauke kabisa, ndipo aipeleke mashineni. Wanaokaanga kwenye sufuria wana kazi ngumu zaidi, kwa kuwa punje za chini huungua wakati za juu ni mbichi. Chukua punje chache, zivunje katikati na uzitafune: iliyobaki mbichi ina ladha ya majani na uchungu unaobaki ulimini, iliyoiva vizuri ina ladha inayokaribia karanga, na iliyoungua ni ya kahawia mpaka ndani. Iliyoungua nayo ni hasara, maana joto likizidi laisini hushikamana na sukari na mnyama hawezi tena kuitumia, ingawa maabara bado itakuandikia asilimia ile ile ya protini.

Hata ikiiva sawasawa, soya ina protini mbili, glisinini na beta-konglisinini, ambazo utumbo wa mtoto aliyetengwa huzipokea kama kitu kigeni na kuvimba kwa muda. Joto la jikoni haliziondoi kikamilifu. Hali hiyo hupita mtoto akizoea, na hapo ndipo faida ya kumwonjesha mapema inapoonekana: kuanzia wiki ya pili au ya tatu ya maisha yake, akiwa bado ananyonya, awekewe konzi ya chakula kile kile atakachokikuta baada ya kutengwa, kwenye kona ambayo mama hafiki. Kwa wiki mbili za kwanza baada ya kutengwa nisingependa soya izidi robo ya mchanganyiko.

Hapa niseme neno kuhusu maharage, kwa sababu tuko Kilimanjaro na maharage yaliyobunguliwa hayakosekani nyumbani. Maharage mabichi yaliyosagwa na kuchanganywa kwenye chakula cha watoto wa nguruwe ni sumu. Yana lektini zinazong'ang'ania ukuta wa utumbo na kuuharibu, na mtoto huhara vibaya. Kama lazima uyatumie, yachemshe mpaka yaive kama ya kula mwenyewe, kisha wape wakubwa. Mbaazi zina afadhali, lakini nazo zipikwe.

Dagaa ndiyo protini ya wanyama ambayo mfugaji wa kawaida anaweza kuipata, na kwa mtoto aliyetengwa sijui kitu cha bei yake kinachoishinda. Laisini yake ni nyingi, humeng'enywa kwa urahisi, na harufu yake humvuta mtoto kula katika zile siku ambazo tatizo kubwa ni kwamba hataki kula. Shida ya dagaa wetu ni mchanga. Samaki waliokaushwa juu ya mchanga wa ufukweni huja na mchanga, na wapo wauzaji ambao hawaoni ubaya ukiongezeka kidogo kabla ya kupima. Chukua glasi ya kioo, ijaze maji, tia vijiko viwili vya dagaa waliosagwa, koroga, kisha acha itulie dakika kadhaa. Nyama nyepesi itaelea au itashuka polepole. Mchanga utalala chini kama mstari wa kijivu unaouona kwa macho. Mstari ukifika robo ya kile ulichotia, hapo umenunua mchanga kwa bei ya samaki. Kagua pia chumvi kwa ulimi. Dagaa waliotiwa chumvi nyingi, kwenye banda ambalo chombo cha maji hukauka mchana, wanaweza kumletea nguruwe sumu ya chumvi, akaanza kuzunguka, kugonga ukuta na kuanguka kwa degedege. Na dagaa wenye harufu ya mafuta yaliyochacha wasiingie kabisa. Kwa walio safi, kilo 5 hadi 10 katika kila kilo 100 za chakula zinatosha.

Maziwa yangekuwa namba moja kama si bei. Maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta yana protini karibu asilimia 34 na laktosi karibu nusu ya uzito wake, kwa hiyo yanarudisha vyote viwili alivyovipoteza mtoto siku ya kutengwa. Ila kuna njia ambayo tunaipuuza. Mikoa yetu hii miwili, Arusha na Kilimanjaro, ina ng'ombe wa maziwa wengi na watu wanaotengeneza jibini. Maji yanayobaki baada ya jibini kushikana mara nyingi humwagwa. Protini yake ni kidogo, haifiki asilimia 1, lakini ina laktosi karibu asilimia 5, na laktosi ndiyo inayorudisha uchachu wa tumbo. Mwenye jirani anayetengeneza jibini achukue yale ya siku hiyo hiyo, ambayo hayajatiwa chumvi, alowanishie chakula kidogo kidogo na aoshe chombo kila baada ya mlo. Ubaya wake ni kwamba yakikaa kutwa nzima juani yanageuka kuwa tatizo jingine.

Mashudu ya alizeti ndiyo yanayouzwa kila kona, na ndiyo yanayowapoteza wengi. Hebu tuhesabu pamoja. Pumba za mahindi zina protini karibu asilimia 10 na laisini karibu asilimia 0.3. Mashudu ya alizeti ya mashine zetu, yenye maganda, tuseme yana protini asilimia 28 na laisini asilimia 1. Changanya nusu kwa nusu: unapata protini asilimia 19 na laisini kama asilimia 0.65. Sasa chukua dona kilo 60, soya iliyochemshwa kilo 22, dagaa safi kilo 8, maziwa ya unga kilo 5, na kilo 5 zilizobaki ziwe madini, vitamini, chumvi kidogo na gramu 300 za laisini ya dukani. Protini ni asilimia 19 vile vile, lakini laisini ni zaidi ya asilimia 1.3, yaani mara mbili. Namba ya kwenye mfuko ni moja, vyakula ni viwili tofauti kabisa.

Laisini naitaja sana kwa sababu protini ni mnyororo wa asidi amino, na kwa nguruwe anayelishwa nafaka laisini ndiyo inayokwisha kwanza. Ikikwisha, zile nyingine zilizobaki haziwezi kujenga nyama. Huvunjwa na kutoka kama mkojo wenye amonia, ile harufu inayochoma macho ukifungua banda asubuhi. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2012 unaotumiwa sana na wataalamu unataka laisini inayomeng'enyeka ya asilimia 1.50 kwa mtoto wa kilo 5 hadi 7, asilimia 1.35 kwa wa kilo 7 hadi 11, na asilimia 1.23 kwa wa kilo 11 hadi 25. Si laisini yote ya chakula humeng'enywa, kwa hiyo ule mchanganyiko wangu unakaribia mahitaji ya watoto wa kilo 10 kwenda juu, yaani wale mliozoea kuwatenga wakiwa na wiki 7 au 8. Anayetaka kutenga katika wiki ya 4 ili nguruwe jike azae mara nyingi zaidi kwa mwaka ajue kwamba ananunua kazi ngumu zaidi. Bila maziwa ya unga ya kutosha, au chakula cha kiwandani cha watoto wachanga kutoka kwa mtengenezaji anayeaminika, nisingemshauri ateremke chini ya wiki ya 5 au ya 6. Najua wapo watakaobishana nami hapo, na maswali yapo.

Mashudu ya pamba yana gosipoli, sumu ambayo nguruwe haivumilii vizuri. Kwa watoto sahau. Mashudu ya karanga yana laisini ndogo, na karanga zilizovunda hubeba sumukuvu, yaani sumu inayotokana na kuvu, ile ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi. Mahindi yaliyooza ambayo hukuthubutu kuyapeleka kwenye mashine ya unga wa nyumbani yasiende kwa mtoto wa nguruwe, kwani ini lake halina ujanja kuliko lako. Machicha ya bia na ya mbege yana protini ya kuridhisha yakikaushwa, lakini yakija mabichi karibu robo tatu ya uzito ni maji na kinachobaki kina nyuzinyuzi nyingi. Tumbo la mtoto aliyetengwa litajaa kabla hajapata anachohitaji. Wapeni majike wenye mimba, watawashukuru.

Unga wa damu nauweka peke yake. Una protini zaidi ya asilimia 80 na laisini nyingi sana, lakini umepungukiwa isolusini, asidi amino nyingine, na ukikaushwa kwa moto mkali kwenye pipa protini hiyo huwa ngumu kumeng'enywa. Kilo 2 katika 100 zinatosha, na iwe damu ya ng'ombe au mbuzi iliyochemshwa sawasawa. Damu na mabaki ya nguruwe yasirudi kwa nguruwe. Homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba, iliingia mkoani kwetu mwaka 2013, na virusi vyake hudumu muda mrefu kwenye nyama mbichi, ya kukaushwa au ya kugandishwa. Mfugaji anayekusanya makombo ya baa za kitimoto na kuyamwaga hori bila kuyachemsha anachezea banda lake na la jirani yake. Uingereza walipiga marufuku kulisha nguruwe makombo mwaka 2001 baada ya mlipuko wa ugonjwa wa miguu na midomo. Kwa watoto waliotengwa mimi nasema hata yaliyochemshwa yasitumike, kwa kuwa hakuna anayejua mafuta na chumvi vilivyomo siku hiyo.

Nafahamu mtu aliyekaa nyuma pale anajiuliza nani ataweza dagaa, soya na maziwa kwa bei za sasa. Mtoto aliyetengwa akiwa na kilo 7 hivi hula kama gramu 200 kwa siku wiki ya kwanza, na karibu mara mbili yake wiki ya pili. Jumla ya wiki mbili ni kilo 4 kwa kichwa. Watoto 10 watamaliza kilo 40, mfuko mmoja usiojaa. Watoto hao hao mpaka wafike uzito wa kuuzwa, kilo 90, watakula zaidi ya tani 2. Kwa hiyo chakula cha gharama ni sehemu ndogo sana ya jumla, na kubana matumizi kwenye mfuko huo mmoja ili utumie kwa wingi pumba baadaye ni hesabu iliyogeuzwa kichwa chini miguu juu. Anayetenga watoto wakubwa wa kilo 10 au 12 atatumia zaidi kidogo, lakini hao nao wanavumilia soya nyingi na dagaa wachache.

Jambo la chokaa wengi hawalijui. Chokaa ya mifugo hula asidi ya tumbo, na mtoto huyu asidi yake ni haba tayari. Dagaa wana mifupa, kwa hiyo kalsiamu ipo. Usimwage chokaa kwa kipimo cha kuku wa mayai. Chakula kisagwe laini kiasi, kiwekwe kidogo mara nne au tano kwa siku badala ya kujaza hori mara moja, na maji safi yawepo usiku na mchana.

Baada ya wiki mbili, kama kinyesi ni kigumu na watoto wanalikimbilia hori, anza kuondoa maziwa na kupunguza dagaa hadi kilo 4 au 5, soya ikipanda hadi kilo 25 au zaidi. Mashudu ya alizeti yaanze kuingia kwa kilo 5 katika wiki ya nne baada ya kutengwa. Kila badiliko lifanyike kwa siku nne au tano: robo ya chakula kipya, kisha nusu, kisha robo tatu. Kinyesi kikilainika, rudi hatua moja nyuma na usubiri siku mbili kabla ya kuendelea.

Waliokuja na sampuli za dagaa na soya wazilete kwenye meza ya kushoto, glasi na maji viko tayari. Asanteni kwa kunisikiliza.